Kuzuru Kanisa Kuu la Köln tukiwa na mtoto mchanga: tuanzie wapi, na mnara tuuache?

MamaNeema ameuliza:

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu nyote. Mwezi wa tano, Mungu akijalia, mimi na mume wangu tutakwenda Bonn nchini Ujerumani kumtembelea wifi yangu, na tutakuwa na binti yetu ambaye wakati huo atakuwa na miezi saba. Bonn na Köln ni majirani kwa treni, na mume wangu amekwisha kutangaza kwamba hatarudi Arusha bila kuingia katika lile kanisa kuu la Kigothi lenye minara miwili, ambalo marehemu baba yake alilijua kwa picha za kadi alizokuwa akitumiwa na Idhaa ya Kiswahili ya redio ya Ujerumani, enzi ambazo makao yake yalikuwa bado mjini Köln.

Mimi nami ninatamani kuliona, ila nina maswali ya mzazi. Je, tuingie na kigari cha mtoto au nimbebe kwa mbeleko? Mtoto akilia katikati ya watu wanaosali, tutatazamwaje? Nitamnyonyeshea wapi? Mume wangu anataka sana kupanda mnara, nami nimesoma kwamba ngazi zake ni 533 na hakuna lifti; je, yupo aliyewahi kupanda na mtoto? Zaidi ya yote, mtoto wa umri huo huwapa wazazi muda mfupi tu wa utulivu baina ya kunyonya na kulala, kwa hiyo naomba kujua ni vitu gani vitangulie, ili akianza kulia kabla hatujamaliza tuwe tumekwisha kuona vilivyo bora.

Mkaazi_wa_Rhein amejibu:

Dada MamaNeema, karibuni sana. Mimi ni mama wa Kitanzania niliyeolewa hapa Köln, na wanangu wote nimewaingiza katika kanisa hilo kabla hawajajua kutembea.

Hamtapata shida ya kulitafuta. Ukitoka nje ya stesheni kuu kwa mlango unaoelekea mjini, kanisa liko mbele yako, juu ya ngazi pana zinazopanda kutoka uwanja wa stesheni hadi uwanja wa kanisa. Ngazi hizo ndizo mtihani wa kwanza kwa mwenye kigari. Mkiwa wawili mnaweza kukinyanyua, mmoja mbele na mwingine nyuma. Mtihani wa pili ni upepo. Jengo refu kiasi hicho huukinga upepo na kuushusha hadi uwanjani, na hata siku yenye jua la mwezi wa tano utawaona watu wakishika kofia zao. Mfunike mtoto kichwa na masikio.

Kuhusu kigari au mbeleko, kura yangu ni mbeleko. Sakafu ndani ni tambarare na kigari hupita bila tabu, lakini saa za watu wengi mtoto aliyelala ndani yake haoni chochote isipokuwa makoti na mikoba, na wewe utashinda ukiomba radhi kwa visigino vya wenzako. Mtoto aliye kifuani kwa mama huona kile mama anachokiona, tena akisinzia hana haja ya kuhamishwa. Masanduku na mizigo mikubwa hairuhusiwi ndani, kwa hiyo kama mtakuja moja kwa moja kutoka safarini, iacheni katika makabati ya mizigo pale stesheni. Mfuko wa nepi si tatizo.

Ndani mtawakuta wasimamizi waliovaa majoho mekundu, ambao Wajerumani huwaita Domschweizer. Kazi yao ni kulinda utaratibu: wanaume wavue kofia, watu wasizungumze kwa sauti, na watalii wasizurure wakati wa ibada. Sijawahi kuwaona wakimkemea mama kwa sababu ya kilio cha mtoto. Kwa maoni yangu, kinachohitaji kupangwa ni saa, wala si kilio. Jumapili asubuhi misa hufuatana na matembezi hayaruhusiwi, hivyo chagueni siku ya kazi, asubuhi, baada ya misa za mapema na kabla makundi ya watalii hayajashuka kutoka kwenye meli za mtoni. Ratiba hubadilika kwa sikukuu na maadhimisho, kwa hiyo itazameni usiku wa kuamkia safari katika tovuti ya kanisa lenyewe.

Hata hivyo ujue kwamba dari iko juu mita 43, na sauti yoyote hukawia hewani sekunde kadhaa kabla ya kufifia. Mtoto wako akilia, utamsikia mara mbili. Kaeni karibu na milango ya magharibi mpaka muone ameyazoea mazingira. Kinachowashtua watoto zaidi ya watu ni ogani: mojawapo, iliyowekwa mwaka 1998, imening'inizwa juu kabisa upande wa kaskazini wa ukumbi mkuu, na ikianza kupigwa kwa nguvu hata mtu mzima huduwaa. Ukimwona mpigaji akifanya mazoezi, sogea mbali kidogo kwanza.

Kuhusu kunyonyesha, mimi nilikaa kwenye benchi la pembeni nikajifunika kanga, na hakuna aliyenigeukia. Kama mume wako au wifi yako ana wasiwasi wa heshima ya mahali, wakumbushe kwamba Papa Fransisko, alipokuwa akibatiza watoto wachanga katika Kanisa la Sistina kwenye sikukuu ya Ubatizo wa Bwana, aliwaambia kina mama zaidi ya mara moja wasisite kuwanyonyesha pale pale ikiwa wana njaa. Nepi mbadilishe stesheni kabla hamjapanda. Vyoo vyake hulipiwa, basi muwe na sarafu.

Mchora_Ramani amejibu:

Mama Neema, dada hapo juu amemaliza mambo ya mtoto, nami nitajibu swali lako la nini kitangulie. Ni mchoraji wa majengo kwa taaluma, na ninaona swali hilo lina jibu la wazi kuliko wengi wanavyodhani: msianze mnapoingilia. Piteni ukumbi mkuu bila kusimama, mwende moja kwa moja mashariki, nyuma ya altare kuu.

Sababu iko katika namna lilivyojengwa. Jiwe la msingi liliwekwa na Askofu Mkuu Konrad von Hochstaden tarehe 15 Agosti 1248, na mafundi chini ya Gerhard, mjenzi wake wa kwanza, wakaanzia upande wa mashariki. Sehemu hiyo ya altare ilitabarukiwa mwaka 1322, ikazibwa kwa ukuta wa muda upande wa magharibi, na watu wa Köln wakaendelea kusali humo kizazi baada ya kizazi huku sehemu nyingine zikisubiri. Fedha na ari vilipungua, na katika karne ya 16 kazi ikasimama kabisa. Winchi ya mbao ya kuinulia mawe ilibaki juu ya kisiki cha mnara wa kusini kwa karne kadhaa, hata ikawa alama ya mji. Ni mwaka 1842 ndipo Mfalme Friedrich Wilhelm wa Nne wa Prussia alipoweka jiwe la kuanza upya, na mwaka 1880 minara ikafika mita 157, ikawa jengo refu kuliko yote duniani kwa miaka michache mpaka mnara wa Washington ulipolipita.

Kwa hiyo matao ya juu ya ukumbi mkuu, minara kwa sehemu yake kubwa, na kuta za mbele za mikono ya kusini na kaskazini ya jengo hili lenye umbo la msalaba ni kazi ya karne ya 19, iliyofuata michoro ya kale kwa uaminifu wa kustaajabisha. Ni kazi nzuri, nami siidharau. Lakini mwenye nusu saa tu na mtoto anayeweza kuamka wakati wowote asiitumie nusu saa hiyo kwa karne ya 19 akaiacha ya 13.

Huko mashariki mtakuta njia ya duara inayoizunguka altare, yenye vikanisa vidogo pembeni. Njia hii haikuwekwa kwa urembo. Mwaka 1164 Askofu Mkuu Rainald von Dassel alileta kutoka Milano masalia yanayoheshimiwa kuwa ya Mamajusi, na mahujaji wakamiminika kwa wingi uliolielemea kanisa la zamani. Kanisa jipya likapangwa ili umati utembee ukizunguka masalia bila kuwasumbua mapadre altareni. Ukitembea humo na mtoto kifuani, taratibu, bila kusimama, unalitumia jengo kama lilivyokusudiwa, na mtoto wa miezi saba kwa kawaida hutulia zaidi akitembezwa kuliko akisimamishwa. Njia hiyo hufungwa wakati wa ibada, na hiyo ni sababu nyingine ya kutazama ratiba.

Sanduku lenyewe la Mamajusi liko nyuma ya altare kuu, ndani ya kioo. Limetengenezwa kwa fedha iliyopakwa dhahabu na kupambwa kwa vito, na sanamu zake bora zinahusishwa na mfua dhahabu Nicolas wa Verdun aliyeanza kazi hiyo mwishoni mwa karne ya 12. Upande wa kaskazini kuna Msalaba wa Gero, wa mti wa mwaloni, uliochongwa katika karne ya 10, yaani mkubwa kwa umri kuliko kanisa lenyewe. Kristo wake amelegea kwa uzito wa mauti, jambo ambalo wachongaji wa wakati huo hawakuwa wamelizoea. Upande wa kusini kuna Bikira Maria wa Milano wa karne ya 13, pamoja na picha ya altare iliyochorwa na Stefan Lochner katika miaka ya 1440, ambayo ndani yake Mamajusi na watakatifu wa mji wamekusanyika kumtazama mtoto aliyepakatwa. Kabla hamjatoka upande huo, inueni macho: juu ya nguzo amesimama Mtakatifu Kristofa, sanamu ya zaidi ya mita tatu na nusu, amembeba Mtoto begani.

Mtoto akichoka, tokeni nje mzunguke nyuma ya kanisa upande wa mashariki. Hapo atalia apendavyo, nanyi mtaona siri ya ujenzi wa Kigothi bila kulipa kitu. Ndani mmeona mbavu za mawe zikikutana darini na kuta zilizogeuka kuwa vioo. Nje mtaona kilichowezesha hayo, yaani mikono ya mawe inayopokea msukumo wa dari na kuutupa kwenye nguzo nzito zilizosimama mbali na ukuta. Bila mikono hiyo kuta zingelazimika kuwa nene na madirisha yangekuwa matundu. Tazameni pia rangi ya mawe. Mawe ya kale, ya kijivu na yenye chembe kubwa, yalichimbwa katika mlima wa Drachenfels na kuletwa kwa mashua. Mlima huo mtauona mkiwa Bonn, ng'ambo ya mto upande wa kusini. Msishangae mkikuta majukwaa ya mafundi mahali fulani ukutani, kwa kuwa kanisa lina karakana yake ya waashi na ukarabati hauishi.

BintiShela amejibu:

Assalamu alaykum. Mimi ni Mwislamu wa Lamu ninayeishi Düsseldorf, na kanisa hilo nimeingia na mwanangu alipokuwa na umri kama wa binti yako. Ninakubaliana na ndugu Mchora Ramani kuhusu mashariki, lakini amekuwa mkali mno kwa vitu vipya, na kwa mtoto kitu kipya kimoja kinazidi vyote alivyovitaja.

Nendeni mkono wa kusini wa kanisa mtazame juu. Dirisha la zamani liliharibiwa katika Vita Kuu ya Pili, na lile lililowekwa badala yake lilikuwa la kioo kisicho na rangi, lililoleta mwanga wa kuumiza macho. Mwaka 2007 likawekwa dirisha la msanii Gerhard Richter: vipande 11,263 vya mraba, vya rangi 72, ambavyo mpangilio wake kwa sehemu kubwa uliachiwa bahati kupitia programu ya kompyuta. Hakuna mtakatifu ndani yake wala mfalme. Kardinali Joachim Meisner, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Köln wakati huo, hakulipenda, akasema lingefaa zaidi msikitini au katika nyumba nyingine ya ibada. Alikusudia lawama. Sisi tuliolelewa karibu na misikiti ambayo urembo wake ni wa maumbo na maandishi bila sura ya kiumbe hatukuona lawama hiyo imetufikia. Mimi nilikaa chini yake nikajiona nyumbani kuliko mahali pengine popote humo ndani.

Mwanangu hakujali Mamajusi wala msalaba. Alipoyaona mabaka ya rangi yakianguka sakafuni na kwenye nguzo alinyamaza, akanyosha mkono, akabaki hivyo muda mrefu kuliko nilivyotegemea. Kwa kuwa dirisha linaelekea kusini, rangi hizo huonekana vizuri kuanzia karibu na adhuhuri siku ya jua. Siku ya mawingu msipoteze muda hapo. Mahali pa kuwashia mishumaa mbele ya sanamu ya Bikira Maria aliyevikwa vito, upande wa kaskazini, mshike mtoto mikono, maana miali yake humvutia vilevile na iko karibu.

Baba_Pacha amejibu:

Mama Neema, mnara mwachie mume wako peke yake. Nilipanda mimi, na mke wangu akabaki chini na mapacha, na nilipofika juu nilishukuru kwa uamuzi huo. Ngazi zinazunguka ndani ya mawe kama konokono, ni nyembamba, na ukutanapo na mtu mwingine mmoja wenu hujibanza ukutani. Mtoto akiwa mgongoni, kichwa chake ndicho kitakachogusa ukuta wala hutakiona. Akiwa kifuani, huoni unapoweka mguu. Jukwaa la kutazamia liko karibu mita 100 juu, na anayekwenda kwa mwendo wa kawaida, na kupumzika, kutazama na kushuka, atamwacha mwenzake na mtoto kwa muda wa kutosha mtoto kulala na kuamka.

Kuna pia suala la kengele, kwa kuwa njia ya kupandia iko katika mnara huo huo wa kusini ambao ndani yake zimo. Kengele kubwa ya Mtakatifu Petro ina uzito wa tani 24, ilisubiwa mwaka 1923, na husikika katika sikukuu kubwa tu. Safari yenu ni ya mwezi wa tano, na mwezi huo mara nyingi huwa na Kupaa kwa Bwana na Pentekoste, basi tazameni kalenda. Kuisikia kutoka uwanjani ni jambo la kukumbukwa. Kuisikia ukiwa ngazini karibu nayo, na mtoto mwenye masikio ya miezi saba, sikushauri. Hata yenyewe huchoka: mwaka 2011, siku ya sikukuu ya Mamajusi, ulimi wake ulikatika ukaanguka ndani ya mnara.

Kama nyote wawili mnataka kuona mji kutoka juu, vukeni mto kwa miguu kwa daraja la Hohenzollern, lile lililojaa kufuli za wapendanao, mwende kwenye jengo refu la KölnTriangle upande wa Deutz. Lina lifti na jukwaa la kutazamia juu yake, na kutoka hapo mtaliona kanisa lenyewe zima, kitu ambacho aliyepanda mnara wa kanisa hawezi kukiona. Lina historia yake pia. Kanisa liliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1996, na mwaka 2004 UNESCO ikaliweka katika orodha ya urithi ulio hatarini kwa sababu ya mipango ya maghorofa marefu upande huo wa mto, hili likiwa mojawapo. Mji ulipopunguza mipango iliyobaki, kanisa likatolewa katika orodha mwaka 2006. Kwa hiyo mtalitazama kanisa kutoka juu ya jengo lililolitia matatani, na mandhari yake, lazima nikiri, ni ya kupendeza.

MamaNeema ameuliza tena:

Ninawashukuru nyote kwa moyo. Nimemsomea mume wangu, na amekubali kwamba atapanda peke yake wakati mimi na wifi tukiwa na mtoto chini ya dirisha la rangi, iwapo kutakuwa na jua. Limebaki swali moja. Yeye angependa kusali misa humo, hata kama ni kwa Kijerumani. Je, ni busara kwenda na mtoto, au anisubirishe nje?

Mkaazi_wa_Rhein amejibu:

Nendeni nyote, dada. Anayekuja kwa misa hazuiwi mlangoni kama mtalii. Mwambieni msimamizi kwamba mmekuja kusali, kisha mkae. Chagueni misa ya siku ya kazi, ambayo ni fupi kuliko ya Jumapili na haina kwaya kubwa, na mkae mwisho wa safu, upande wa pembeni, ili mtoto akianza kulia uweze kutoka bila kuwanyanyua watu. Wakati wa komunyo unaweza kwenda naye mbele. Kwa kawaida padre humfanyia mtoto ishara ya msalaba kwenye paji la uso.

Mvalisheni nguo nzito kidogo kuliko mnavyodhani inahitajika, kwa sababu kukaa kimya juu ya mawe yale kwa muda wa misa nzima kuna baridi ambayo mtu anayetembea haioni. Kisha mkimaliza, badala ya kurudi stesheni mara moja, shukeni upande wa mto nyuma ya kanisa, ambako kuna majani na mabenchi, mumlaze mtoto juu ya kanga apumzike kubebwa. Treni za kurudi Bonn ni nyingi mchana kutwa, basi hakuna haja ya kukimbilia yoyote.